Kipimo cha Kituo cha Sita

Jumatatu, 3 Machi

Bwana Dakika, msimamizi wetu wa vipindi, amenipa daftari. Kila anayeanza kazi kwa majaribio hupewa moja, la kuandikia makosa yake: tarehe, saa, kosa, sababu. Ukurasa wa kwanza tayari una kosa moja. Nimekohoa nikiwa hewani, saa mbili na dakika nne asubuhi, sababu: koo. Kurasa za nyuma nimezifanya zangu. Naandika kutokea nyuma kuja mbele, na naomba pande hizi mbili zisikutane kabla ya mwisho wa Mei, maana mwisho wa Mei ama nathibitishwa kazini ama namwaga unga.

Kazi yenyewe ni kuunganisha. Redio yetu ya taifa haipigi muziki, ni maneno matupu tangu alfajiri. Habari, kilimo, sheria, afya, mchezo wa redio, hadithi ya watoto, mjadala, michezo, habari tena. Kila kipindi kina mwenyewe, na katikati ya kimoja na kingine nipo mimi. Nataja saa, nasema tumetoka wapi na tunakwenda wapi, nanyamaza. Ukimya ukizidi sekunde kumi na mbili mtambo unadhani tumekufa, unaanzisha wenyewe kanda ya akiba ya daktari mmoja anayeeleza jinsi ya kunawa mikono. Kwa hiyo siku nzima nahesabu. Mama anasema hata nyumbani nikinyamaza anaona midomo yangu inacheza.

Jina langu halisi Bwana Dakika halitumii. Ananiita "sauti mpya". Jina lake halisi sisi nasi hatulitumii, kwa hiyo hatudaiani.

Mvua imeanza jioni.

Jumatano, 5 Machi

Leo vipimo vya mto vimerudi kwenye ratiba. Vinasomwa msimu wa mvua tu, saa saba kasorobo mchana, kati ya habari na kipindi cha afya. Vituo ni vinane, toka milimani hadi tambarare. Kila asubuhi mpimaji wa kila kituo huangalia maji yamefika wapi kwenye ubao wenye alama, hupiga simu meza ya habari, wao huandika kwenye karatasi, nami nasoma. Dakika moja na nusu. Hakuna kitu kikavu kama hicho katika redio nzima, na hakuna kinachosikilizwa kama hicho.

Mmoja wa wasikilizaji ni mdogo wangu. Anafundisha shule ya msingi chini kidogo ya kituo cha sita. Nusu ya wanafunzi wake wanaishi ng'ambo, na wanapita daraja la chini, lile la zege lisilo na kingo, ambalo maji hupita juu yake mvua zikinyesha. Mto ukiwa mwekundu zege halionekani, na nguzo ya alama iliyokuwa pale iling'oka mwaka jana. Kwa hiyo shule ina utaratibu wake: kituo cha sita kikiwa chini ya mita moja na nusu, watoto wanavushwa saa tisa, mwalimu mbele, kamba mkononi. Kikizidi, wanazunguka daraja kubwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu yao midogo. Anayewavusha ni yeye.

Amenipigia saa nane. "Dada, nimekusikia. Watoto wamepiga makofi."

"Wamepigia makofi mita moja nukta sifuri tisa?"

"Wamekupigia wewe."

Nimefurahi mpaka nikaona aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kosa: hakuna.

Jumatatu, 10 Machi

Mama anafungua redio kabla hajafungua dirisha. Mwanasheria wa saa nne anaongea kama anayesinzia. Mtu wa kilimo anapenda mihogo kupita kiasi. Kwenye mchezo wa redio, yule mke anajua kabisa mume anamdanganya, anajifanya hajui. "Na wewe," ameniambia, "ukifika kwenye maji unashusha pumzi. Usishushe pumzi, mwanangu. Watu watadhani kuna msiba."

Nimemwambia nashusha pumzi kwa sababu natamani nimalize.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Fundi mitambo ameweka ndoo tatu kwenye ujia. Anasema studio ikivuja tutasoma vipimo vya humu ndani.

Jumanne, 18 Machi

Karatasi imefika saa saba kasoro dakika ishirini ikiwa na pengo. Kituo cha sita hakijapiga simu. Nimempelekea Bwana Dakika, akachukua kalamu, akaangalia karatasi ya jana, akaandika 1.20.

"Lakini hiyo ni ya jana," nikasema.

"Ndiyo. Kama hakijafika, kinasomwa cha jana. Ndivyo tunavyofanya."

Sekunde hazikuwapo za kubishana. Nimesoma.

Alhamisi, 20 Machi

Kituo cha sita: 1.20. Tangu Jumanne ni mwandiko wa Bwana Dakika tu. Cha jana kilikuwa cha juzi, na cha juzi kilikuwa cha Jumatatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejikaza, nimekwenda ofisini kwake. Ofisi ina saa nne ukutani, zote zinaonyesha saa ileile. Nimemwambia kituo cha sita kimenyamaza siku ya tano sasa, na cha tano, kilicho juu yake, kinapanda kidogo kidogo kila siku.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Ameniketisha. "Sikiliza, sauti mpya. Mtu ana redio ya betri, yuko mbali, mvua inanyesha. Anasikia kituo cha nne, cha tano, halafu unamwambia cha sita hakuna. Atafikiri nini? Atafikiri kimesombwa. Nusu saa baadaye watu wanabeba magodoro. Sisi ndio kitu pekee kisichotikisika katika nchi hii wakati wa mvua."

"Mpimaji amepatwa na nini?"

"Simu haipatikani. Mtandao wa kule unaujua."

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, daftari langu la makosa lina kurasa ngapi sasa. Nikasema mbili. Akasema ni nzuri, ni nzuri sana, wengine kufikia sasa wana kumi. Nimetoka pale nikiwa nimenyamazishwa bila kuambiwa ninyamaze.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika haya kabla hata ya kunywa chai.

Mdogo wangu amepiga simu jioni. Ameongea mambo ya mitihani, ameongea chaki, halafu akasema, kama anayepita tu, "Leo mto umenitisha kidogo. Lakini nilikuwa nimekusikia, moja nukta mbili, nikapiga moyo konde."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kinywa kilikuwa wazi. Nilikuwa na sentensi nzima: hiyo namba si ya leo. Badala yake nimehesabu. Nimefika sekunde ya saba, yeye akasema, "Dada, upo?" nami nikasema nipo, mtandao tu.

Ningemwambia, angemwambia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu angepiga simu redioni, na Bwana Dakika angejua imetoka kwa nani, maana ni nani mwingine. Mshahara wangu ndio unaolipia hiki chumba na dawa za Mama za presha. Nimejieleza hivyo mara tatu na kila mara nimejielewa. Bado ni uoga.

Jumanne, 25 Machi

1.20.

Jumatano, 26 Machi

1.20. Mama ameuliza mbona huo mto wa sita umeganda.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika yote kama yalivyokuja.

Mvua haikukatika tangu juzi usiku. Karatasi ililetwa saa sita na nusu. Kituo cha tano kilikuwa 1.68 jana. Leo 2.30. Kituo cha sita, kwa ule mwandiko nadhifu: 1.20.

Nimesoma. Nataka hili likae hapa bila kupambwa. Nilijua, na nimesoma. Cha tano nimekisoma, nikasikia sauti yangu inaingia cha sita bila hata kujikwaa. Mtu wa afya akaingia na habari zake za minyoo, taa nyekundu ikazimika, nikabaki nimeshika meza.

Maji ya cha tano huchukua saa mbili hadi tatu kufika chini. Wapimaji wote wanalijua hilo, na mimi nalijua kwa kuwasikiliza. Shule inatoa watoto saa tisa.

Nikampigia mdogo wangu. Imezimwa. Darasani huwa anazima. Nikapiga shule, ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Saa nane kamili nikaunganisha mchezo wa redio kwa sauti tamu, kama mtu asiye na shida duniani. Nikapiga tena. Sasa haiiti kabisa, mvua imeshakula mtandao. 

Nikaenda kwa Bwana Dakika. Hayupo, yuko kikaoni ghorofa ya juu, mlango umefungwa na karani amesema asisumbuliwe.

Saa nane na dakika ishirini na mbili nikarudi studio, nikamwambia Fundi, "Nataka kuukata mchezo."

Fundi ana miaka ishirini na sita katika chumba kile. Hajawahi kuona mchezo ukikatwa ila siku umeme ulipokatika. Akavua miwani. "Kwa sababu gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiangalia mishale ya mitambo.

"Una uhakika maji yamepanda pale?"

"Sina."

"Una uhakika hayajapanda?"

"Sina pia. Hakuna anayejua."

"Basi kaseme hivyo hivyo." Akavaa miwani yake. "Mimi nitasema nilibonyeza kwa bahati mbaya. Macho yangu ni mabovu, kila mtu anajua."

Mume wa kwenye mchezo alikuwa ndiyo kwanza anabisha hodi. Fundi akamkata mlangoni. Taa nyekundu ikawaka nami nikasema:

"Hapa ni studio. Kipimo cha kituo cha sita nilichosoma saa saba kasorobo si cha leo. Ni cha tarehe kumi na saba. Tumekirudia kwa siku kumi. Cha leo hatuna. Hatujui maji yako wapi. Kituo cha tano kimepanda sana tangu jana. Aliye karibu na daraja la chini asivuke, wala asivushe mtoto. Narudia."

Nikarudia. Halafu nikanyamaza kwa sababu sauti ilikwisha. Nilihesabu mpaka kumi na moja, Fundi akarudisha mchezo, na yule mume akaingia ndani akisema samahani nimechelewa.

Bwana Dakika alikuja baada ya dakika sita. Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni, tai yake imekaa sawa, akasema, "Umesema 'hatujui' kwenye redio ya taifa."

"Ndiyo."

"Mara mbili."

Kisha akasema nimalize zamu kwa kuwa hakuna mwingine, na kesho nilete maelezo kwa maandishi. Saa tisa na robo nimetangaza hadithi ya watoto. Sikumbuki nilisema nini.

Mtandao wa kule haujarudi mpaka sasa. Mama ameketi kando yangu.

Ijumaa, 28 Machi

Wako wazima. Wote. Mwalimu mkuu amepiga simu mtandao uliporudi: alinisikia kwenye redio ya mlinzi, akawazuia. Watoto sitini na watatu wamelala madarasani juu ya madawati, wazazi wa ng'ambo wamekesha bila kujua.

Ofisi ya maji imetuma mtu kwa pikipiki asubuhi. Kwa alama mbichi za matope ubaoni, anasema jana maji hayakuvuka mita moja na sentimita thelathini na tano. Yote yale ya kituo cha tano yalimwagikia mabondeni kabla ya kufika. Wangeweza kuvuka.

Bwana Dakika ameiweka hiyo karatasi mezani kwangu, akaizungusha initazame, akaondoka.

Na mpimaji wa kituo cha sita yupo hospitali. Aliteleza ngazi za ubaoni asubuhi ya tarehe kumi na nane, amevunjika nyonga. Siku kumi na moja. Hakuna aliyeuliza, maana kipimo chake kilikuwa kinasomwa kila siku.

Jumapili, 30 Machi

Mdogo wangu amekuja. Amesafiri saa nne kwa njia ya tope na amekataa kuvua koti. Nilidhani amekuja kunishukuru. Kumbe mtu anaweza kuwa mjinga namna hii, na umri huu.

Ameketi mezani, Mama upande huu, mimi ule. Redio ilikuwa inasema mambo ya mihogo.

"Siku ngapi?" ameuliza.

"Zipi?"

"Dada, usinifanye mtoto. Siku ngapi umenisomea namba ya uongo?"

"Kumi. Za shule ni nane, pamoja na Alhamisi."

"Na ulijua tangu lini?"

Nilimwambia tangu ya kwanza.

Amekaa kimya. Safari hii sikuhesabu. Halafu akaeleza, polepole, kama anavyoeleza darasani. Jumatatu ya tarehe ishirini na nne alifika mtoni na watoto zaidi ya sitini. Mvua ya kule ilikuwa imenyesha usiku kucha, maji yalikuwa yanavuma. Aliingia mwenyewe kwanza, yakamfika mapajani. Akasimama pale katikati akajiambia kwamba haiwezekani, macho yanamdanganya, labda amekanyaga nje ya zege, kwa sababu dada yake amesema moja nukta mbili. Akarudi, akawachukua. Maji yaliwafika wadogo kifuani. Katikati, mtoto wa darasa la kwanza akaachia kamba. Alimdaka kwa ukosi wa shati. Begi na viatu vilikwenda na mto.

"Niliyaona kwa macho yangu mwenyewe," amesema. "Nikakuamini wewe."

"Jioni ile ulinipigia..."

"Nilikupigia nikiwa bado natetemeka. Nilitaka kusikia sauti yako."

Mama amenyanyuka akaifunga redio. Sijawahi kumwona akiifunga mchana. Mdogo wangu amemuaga vizuri, mimi akanipita. Hakunywa hata maji.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimeandika kwenye kurasa za mbele, chini ya kikohozi: tarehe 18 hadi 27 Machi, saa saba kasorobo. Kosa: nimesoma nisichokijua. Kwenye sababu nimeandika: uoga. Bwana Dakika amelitia sahihi.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo ameniita. Nilikwenda nimeshajiandaa kufukuzwa, hata kikombe changu nilikuwa nimekiosha.

Alikuwa hatazami saa. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," amesema. "Miaka yote nimeandika cha jana. Sasa kila nikikaa nahesabu ni mara ngapi, na kule walikuwa wanafanya nini."

Nilidhani nitafurahi kumwona hivyo. Sikufurahi. Alionekana mzee, na alionekana kama mimi.

Kuanzia kesho, kisichofika kinasomwa kwamba hakijafika. Mimi muda wangu wa majaribio umeongezwa miezi sita.

Jumatatu, 7 Aprili

Ofisi ya maji imepata mpimaji wa muda wa kituo cha sita, mtu wa kujitolea, mkazi wa pale. Amepewa namba ya meza ya habari atume ujumbe kila asubuhi. Hakutuma meza ya habari. Saa moja kasorobo simu yangu imelia kitandani.

"1.31."

Ni mdogo wangu. Hakuna salamu, hakuna Dada. Nimejibu asante sana mdogo wangu, nisamehe. Kimya.

Alhamisi, 10 Aprili

"1.42."

Jumanne, 15 Aprili

"1.58. Tumefunga."

Nimesoma namba hiyo taratibu na sikushusha pumzi. Mama amesema nimesoma vizuri.

Jumatatu, 28 Aprili

"1.50." Kila siku namjibu, kila siku hajibu. Nimemwomba Mama aongee naye. Mama amesema, "Anatoka nyumbani alfajiri na mvua, anatembea kilomita mbili, anashuka ngazi zilizomvunja mzee nyonga. Halafu cha kwanza anachofanya ni kukutumia wewe. Unataka aongeze nini?"

Jumatano, 14 Mei

"1.12." Mvua zinapungua. Fundi ametoa ndoo mbili.

Jumamosi, 31 Mei

"0.88." Leo ndiyo siku ya mwisho ya vipimo, ratiba inarudi kama zamani. Nimesoma vituo vyote vinane, nikawashukuru wapimaji kwa msimu mzima. Fundi alinionyesha kidole gumba kupitia kioo.

Siku nzima nimekaa na hofu. Kwa wiki nane nimeamka na namba yake. Kesho hakuna kipindi, kwa hiyo hakuna sababu.

Jumapili, 1 Juni

Sina zamu. Nimeamka kabla ya saa, nikajiambia nisiangalie simu, nikaangalia. Hakuna kitu. Nikaenda jikoni kumtengenezea Mama chai.

Saa moja kasorobo ikalia.

"0.84."

Nimeisoma mara nyingi kuliko namba yoyote ya msimu huu. Halafu nimeandika: "Nimeipata. Ni ya leo?"

Amekaa muda. Mama alikuwa ananitazama.

"Ya leo, Dada. Nimeiona mwenyewe."